Uzi: Wana Goma, tujifunze kuitaja nyumba kwa namba

#1 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Habari zenu wana Goma, na ninyi wa Bukavu na Lubumbashi mnaopita humu.

Kwetu mtu akiuliza unakaa wapi, jibu linajulikana: shukia rompoint (mzunguko wa barabara) Signers, shika avenue ya kushoto, ukimkuta mama anayeuza makala (mkaa) uliza kwake, geti jeusi la tatu. Na mgeni anafika. Njia hiyo imetulea, siipingi. Ila inategemea vitu kubaki mahali pake, na mji wetu uko chini ya mlima usioahidi hilo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Waliorudi walikuta kona za avenue, miti ya mipaka na kuta za parsele (viwanja) viko chini ya jiwe jeusi ambalo bado linatoa joto. Utasema nyumba iko karibu na nini, ikiwa hicho cha karibu nacho kimemezwa? Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, mlangoni kabisa.

Parsele iliyoandikwa kwa koordinati inatafutika hata juu ya lava. Unatembea na simu mkononi mpaka namba za kwenye karatasi na za kwenye kioo zilingane. Ndiyo maana nafungua uzi huu: kila mtu hapa ajue namba za nyumba yake, na ajue zinamaanisha nini.

Namba ni mbili tu. Ya kwanza, latitudo, inasema uko mbali kiasi gani na ikweta, kaskazini au kusini, kuanzia 0 mpaka 90 kwenye ncha. Ya pili, longitudo, inasema uko mashariki au magharibi kiasi gani ya mstari unaopita Greenwich, Uingereza, kuanzia 0 mpaka 180. Ikweta imewekwa na dunia yenyewe kwa namna inavyozunguka. Mstari wa Greenwich uliwekwa na watu: wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington mwaka 1884 wakaupitisha. Ungeweza kuwekwa popote.

Goma iko 1.68 kusini, 29.22 mashariki. Kwenye simu inaandikwa hivi: -1.68, 29.22. Latitudo mbele, longitudo nyuma, na kile kistari cha kutoa ndicho kinachosema kusini.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapopotea.

Ukiacha kistari, ukaandika 1.68, 29.22, umevuka ikweta. Uko ndani ya msitu wa Ituri, kaskazini ya Mambasa, kilomita kama 370 kutoka ulipotaka kwenda.

Ukigeuza mpangilio, ukaandika 29.22, -1.68, uko jangwani Sahara, ndani ya Algeria.

La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu linakupeleka karibu, na la karibu halishtui. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Ramani za zamani na karatasi nyingi za ofisi zinaandika Goma kama 1°40′ kusini, 29°13′ mashariki. Mtu anazichukua, anaziandika kwenye simu 1.40 na 29.13 kana kwamba dakika ni desimali. Simu inakubali bila ubishi na kumpeleka ubavu wa magharibi wa volkano ya Nyamulagira, kilomita 30 hivi kaskazini yetu, ndani ya hifadhi ya Virunga. Njia sahihi: gawa dakika kwa 60. 40 ÷ 60 ni 0.67, kwa hiyo 1.67. 13 ÷ 60 ni 0.22, kwa hiyo 29.22. Ukitaka kurudi, zidisha: 0.68 × 60 ni 40.8, yaani dakika 40, na ile 0.8 × 60 ni sekunde 48.

Maswali leteni.

#2 Motari wa Ndosho

Asante kaka. Sisi watu wa moto (pikipiki) jambo hili linatuhusu kuliko wengine wote. Klienti anatuma namba kwa WhatsApp, wewe huna mega (data ya intaneti), unafanya nini? Na swali la pili: kuna wanaotuma namba zenye virgule (mkato), simu inakataa kabisa kuzisoma.

#3 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Kaka motari, nianze na virgule maana hiyo ni yetu kabisa. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa kuandika desimali kwa virgule: 1,68. Programu za ramani zinatumia nukta kwa desimali na virgule kwa kutenganisha namba mbili. Mtu akikutumia -1,68, 29,22 programu inaona namba nne badala ya mbili. Badilisha virgule za ndani kuwa nukta, bakiza ile moja ya katikati, itasoma.

Mega: GPS yenyewe haitumii intaneti. Simu inasikiliza tu setilaiti zinazozunguka juu, kilomita kama 20,200 kutoka ardhini, na ikisikia nne inajua mahali ilipo. Kinachotumia mega ni picha ya ramani. Kwa hiyo pakua ramani ya Kivu mara moja ukiwa na wifi (programu za OsmAnd na Organic Maps zote zinakubali) halafu utatembea nayo mpaka Sake na kurudi bila hata mega moja. Ramani hizo zinatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na wewe unayejua kila kichochoro cha Ndosho unaweza kuongeza njia ambayo haimo.

Na kitu cha kukuwekea kichwani: digrii moja hapa kwetu ni kilomita 111, iwe ya latitudo au ya longitudo, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukipewa namba mbili unaweza kukadiria kabla hujawasha moto. Kreta ya Nyiragongo iko 1.52 kusini. Sisi 1.68. Tofauti 0.16, mara 111, karibu kilomita 18. Huo ndio umbali wa mlima na mji wetu, umeupata bila kuiuliza simu.

#4 Mwalimu wa Ibanda

Nawasalimu kutoka Bukavu. Nafundisha jografia na naomba niongeze jambo moja ambalo naliona kila mwaka: watoto wanaogopa latitudo na longitudo kwa sababu tunawaanzishia ramani kabla ya tufe. Ramani ni bapa. Mtoto anaona mistari imesimama na kulala kama daftari la hesabu, anaikariri, na haelewi kwa nini mistari ya longitudo inakutana kwenye ncha.

Shule nyingi hazina tufe. Mpira unatosha. Chora nukta mbili zinazotazamana, hizo ndizo ncha. Zungusha uzi katikati, hiyo ni ikweta. Kisha chora mistari kutoka ncha moja hadi nyingine. Mtoto ataona mwenyewe kwamba mistari hiyo inaachana zaidi kwenye ikweta na kubanana huku juu. Kwa macho yake ameshaelewa kwa nini digrii ya longitudo ina kilomita 111 Goma, 109 Lubumbashi, na sifuri kwenye ncha.

Baada ya hapo ndipo nawaletea ramani ya ukutani, na nawaambia wamenye chungwa na kulilaza ganda mezani bila kulipasua. Halilali. Kila anayechora dunia kwenye karatasi lazima apasue au avute mahali fulani. Mercator, aliyezaliwa Rupelmonde katika Ubelgiji ya leo, alichora yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, akachagua kuvuta huku na huku kadiri unavyoelekea nchani ili pembe za safari zibaki sahihi. Kwa chombo baharini ni kazi safi. Kwa ukuta wa darasa ni hasara, maana Greenland inaonekana inalingana na Afrika nzima, wakati Afrika inaizidi mara 14. Congo yetu peke yake, kilomita za mraba 2,345,000, ni kubwa kuliko Greenland. Nawapa wanafunzi namba hizo kila mwaka na kila mwaka kuna mtoto anayesimama kwenda kuitazama ramani upya kwa karibu. Kwa hilo tu, tufe ni haki ya kila darasa.

Zoezi la nyumbani kwa wazazi mlio humu: weka kidole Bukavu (28.86 mashariki) na upandishe kaskazini bila kupinda. Utapita Misri, utavuka Mediterania, utafika Istanbul. Kisha weka kidole Goma ukienda magharibi sambamba na ikweta: utavuka Atlantiki na kutua Brazili, na ukiendelea utapita karibu na Belém.

#5 Mtu wa Kamalondo

Lubumbashi tuko hapa. Mwalimu, nakuunga mkono, na nina la kuongeza kwa wasio na tufe wala simu: fimbo.

Simamisha fimbo ya mita moja wima kabisa (tumia uzi wenye jiwe kuhakikisha) mahali tambarare. Karibu na saa sita mchana weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, halafu chukua kilicho kifupi kuliko vyote. Fanya hivyo tarehe 21 Juni na tarehe 21 Desemba. Lubumbashi, kivuli cha Juni kina sentimita 70 na kinaelekea kusini. Cha Desemba kina sentimita 21 na kinaelekea kaskazini. Anayeishi kwenye ikweta yenyewe angepata 43 na 43. Kwa kuwa cha Juni kinazidi, uko kusini mwa ikweta, na kadiri vinavyoachana ndivyo ulivyo mbali nayo.

Mwenye kikokotoo cha shule aende mbele: tafuta pembe ya kila kivuli kwa tan⁻¹. 0.70 inatoa digrii 35, 0.21 inatoa 11.9. Toa, gawa kwa mbili: 11.6. Lubumbashi iko 11.66 kusini. Fimbo, uzi na rula vimekupa latitudo ya mji wako kwa kosa la kilomita kama kumi. Hesabu ya Goma ni 47 na 40, mtu wa Goma aipime Juni na kuleta picha hapa.

Na ninyi wa Goma, karibu na tarehe 16 Machi na 27 Septemba jua linapita utosini kwenu. Fimbo inakosa kivuli kabisa.

#6 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Kaka wa Kamalondo, hii ni zawadi. Naongeza saa ili watu wasikose: Machi kivuli kinakwisha saa sita na dakika 12 hivi, Septemba saa sita kasoro dakika 6.

#7 Mzee wa Majengo

Vijana, nawasoma tangu asubuhi. Nauliza: mipaka yetu hii, walioichora waliitumia hesabu hiyo hiyo? Kwa sababu mimi nimekulia kati ya bariere ndogo na bariere kubwa (vituo vya kuvukia mpaka wa Rwanda), na sijawahi kuona mlima wala mto unaosema hapa ni nchi nyingine.

#8 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo kiini cha jambo hili kwangu, niruhusu niandike kwa urefu.

Ndiyo, waliitumia, na waliitumia kabla ya kufika. Mwaka 1885 mipaka ya Dola Huru la Congo, la mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilipotangazwa, upande wetu uliandikwa kwa namba: shuka na longitudo ya 30 mashariki mpaka latitudo 1°20′ kusini, kisha mstari ulionyooka hadi ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu halikutajwa. Mjerumani von Götzen alifika kwenye ufuko wake mwaka 1894, miaka tisa baada ya mstari kuandikwa. Ukiupiga mstari huo leo kwenye ramani, kwenye latitudo ya Goma unapita zaidi ya kilomita 70 mashariki yetu. Ujerumani haikuukubali, wakabishana miaka mingi, na mwaka 1910 huko Brussels Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani wakaupitisha mpaka katikati ya ziwa Kivu na kupanda kati ya Goma na Gisenyi. Naomba sana, tusiugeuze uzi kuwa wa siasa. Naeleza namna kalamu ilivyofanya kazi.

Mfano wa pili ni wa milima yenyewe. Speke, msafiri Mwingereza, akiwa Karagwe (Tanzania ya leo) mwaka 1861, aliona kwa mbali vilele vya Virunga akaviweka kwenye ramani kwa jina la Mfumbiro. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zinagawana maeneo, zikaweka mpaka kwenye latitudo ya 1 kusini, halafu zikaongeza sharti: mlima Mfumbiro ukija kuonekana uko kusini mwa mstari huo, mstari upinde ili mlima usiwe wa Ujerumani. Someni hapo tena. Walitia sahihi juu ya mlima ambao hawakujua uko wapi. Na hakuna mlima mmoja wa namna hiyo. Kuna volkano nane, kutoka Nyamulagira mpaka Muhabura, na zote ziko kusini mwa mstari.

Kwa nini walikosea hivyo? Latitudo haikuwa tabu, kaka wa Kamalondo ametuonyesha hata fimbo inatosha. Longitudo ndiyo iliyowashinda, kwa sababu longitudo ni saa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, digrii moja kwa dakika nne. Ili ujue uko mashariki kiasi gani lazima ujue, wakati jua liko juu yako, Greenwich ni saa ngapi. Msafiri alibeba saa kutoka pwani, miezi msituni, mvua, wabebaji wanaanguka mtoni. Saa ikikosea dakika moja tu, ziwa linahama kilomita 28 kwenye ramani. Ikikosea dakika tano, kilomita 139. Watu waliokuwa wakiishi kando ya ziwa hawakuhama hata hatua moja.

Na bado ni mambo ya saa mpaka leo. Setilaiti ya GPS inabeba saa ya atomu na kazi yake kubwa ni kutaja wakati. Mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa mita 300.

Ndiyo maana nasisitiza, mzee. Namba hizi ziliwahi kuandikwa juu yetu na watu wasioijua hata njia ya kufika, na hakuna hapa aliyeweza kuzihakiki. Leo kijana wa Majengo mwenye simu ya bei ndogo anaweza.

#9 Dada Katindo

Kaka, umeeleza vizuri lakini mimi nina wasiwasi. Unawaambia watu waandike nyumba zao kwa namba, kwa nyakati hizi? Nikituma mahali ninapolala kwenye grupu la watu mia mbili, najua nani anasoma?

#10 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Dada, wasiwasi wako ni wa haki, na hakuna anayepaswa kumwaga namba za nyumba yake kwenye grupu, hata humu. Zijue, ziandike kwenye karatasi ya parsele, mpe anayekuja kwako.

Na kuna kipimo cha kukusaidia. Kila tarakimu baada ya nukta inakaza mara kumi. Tarakimu mbili, kama -1.68, ni mraba wa kilomita 1.1: mtu anajua kartie (mtaa), hajui nyumba. Tatu ni mita 110. Nne ni mita 11, hapo ameshafika getini. Tano ni mita moja. Ukitakiwa kusema unakaa upande gani, toa mbili. Ndiyo maana kila namba niliyoandika kwenye uzi huu ina mbili.

#11 Motari wa Ndosho

Hiyo ya tarakimu naibeba. Klienti akiniletea mbili namwambia aongeze mbili nyingine, siwezi kuzunguka kilomita nzima nikiuliza. Lakini kaka, jirani yangu ana ugomvi wa mpaka na mwenzake, ukuta umesogezwa. Tukipima kona za parsele kwa simu si yanaisha?

#12 MwanaHimbi (mwenye uzi)

Hapana, hapo simu usiiamini. Simu ya kawaida uwanjani, mbingu wazi, inakosea mita kama tano. Kati ya kuta na chini ya mabati inakosea zaidi. Kioo kinaweza kukuonyesha tarakimu sita baada ya nukta, nne za mwanzo ndizo za kushika, zilizobaki zinacheza hata simu ikiwa imelala mezani. Ukuta uliosogezwa mita moja simu haiuoni.

Kwa mpaka wa majirani aitwe jometre wa kadastre (mpima ardhi wa serikali) mwenye vifaa vyake, apime mbele ya wote wawili na mbele ya mkubwa wa avenue. Na akishapima, jirani yako aombe koordinati za kila kona ziandikwe kwenye hati, zenye S na E zake, na nakala ikae kwa ndugu nje ya mji.

#13 Mwalimu wa Ibanda

Na aseme pia zimepimwa kwa mfumo gani. Simu na GPS zinatumia WGS 84. Ramani za enzi za Wabelgiji zina mfumo wake, namba zile zile zinaweza kuangukia mahali pengine, mita nyingi tu pembeni. Jometre anajua, amwombe aandike.